Zafarani ya Kombe na Huzuni ya Mzazi



Sahani nyeupe ya kauri, kalamu ya mwanzi, zafarani iliyorowekwa katika marashi ya waridi. Watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Hilo ni kombe. Nimeandika makombe tangu ujana wangu, kwa idhini ya mwalimu wangu, na ninajua kuwa wapo masheikh wenzangu wasioliona jambo hili kuwa sawa. Mjadala huo una mahali pake na leo sitauingia. Ninachotaka kukizungumza ni ile zafarani, na miti mingine inayosifiwa majumbani mwetu kuwa huondoa huzuni na kutuliza akili.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia mama mmoja wa makamo akiwa na wasiwasi usoni.

"Sheikh," aliniambia, "mkamwana wangu hii ni wiki ya tano tangu ajifungue. Usiku halali hata mtoto akilala. Chakula hakitaki. Na jana kanena neno limenitisha, kwamba mtoto huyu angepata mama mwingine ingekuwa heri kwake. Je, si jicho hili?"

Nikaandika kombe, nikaomba dua, kisha nikamwagiza ampikie mzazi maziwa ya zafarani kila usiku, kwani nilikuwa nimesoma katika maneno ya matabibu wa kale kuwa zafarani hufurahisha moyo. Mama akashukuru, akaenda zake. Swali moja sikumwuliza: mzazi anatumia dawa gani?

Kumbe binti yule alikuwa ameshapelekwa kliniki na amepewa vidonge. Alikuwa amevimeza siku tisa. Familia ilipoona siku tisa zimepita bila mabadiliko, na kwamba sheikh ameshaandika, ikaamua vidonge viwekwe kando visije vikagongana na kombe. Siku ya kumi na mbili baada ya hapo, kabla ya adhana ya alfajiri, alitoka nyumbani peku, bila buibui, akamwacha mtoto kitandani. Wavuvi waliokuwa wakishusha mashua walimkuta amesimama baharini, maji yamemfika kifuani. Wakamrudisha nchi kavu, na asubuhi ile ile akapelekwa hospitali, akalazwa.

Alhamdulillahi, yu hai na mzima. Mtoto wake sasa anahifadhi juzuu Amma katika madrasa yangu. Yeye na mumewe wamenipa ruhusa niyaeleze haya mradi nisitaje jina wala mtaa. Mavyaa sikumlaumu, kwani yeye alifuata aliyoambiwa na mtu wa elimu. Lawama ni yangu mimi niliyeagiza dawa bila kuuliza.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma upya, na katika kusoma nilikutana na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh, katika nchi tuiitayo leo Afghanistan, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na humo akaigawa huzuni mara mbili. Ipo ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa au kupotewa na mali. Na ipo ambayo sababu yake haijulikani, humjia mtu hali hana msiba wowote, akakosa raha katika kila alilokuwa akilipenda. Hii ya pili aliinasibisha na mwili wenyewe, na tiba yake akaielekeza mwilini. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Mwislamu huyu hakusema kuwa mwenye huzuni ya aina hiyo ana upungufu wa imani.

Nasi tunasemaje? Tunamwambia mzazi: "Una mume, una mtoto mzima, mshukuru Mungu." Tunasahau kisa cha Bibi Maryam (A.S.), aliyeshikwa na uchungu chini ya mtende akatamani angekuwa ameshakufa na kusahauliwa. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa chini yake na tende mbivu za kula juu yake.

Yafaa kutofautisha. Wazazi wengi hulia ovyo na kuudhika upesi katika siku chache za mwanzo, kwa sababu homoni za mimba hushuka kwa ghafla baada ya kujifungua. Hali hiyo huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Ikivuka wiki mbili, usingizi ukapotea na mapenzi ya mtoto yakafifia, hiyo ni sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mzazi mmoja katika kila watano hupatwa na maradhi ya nafsi baada ya kujifungua, na yaliyo mengi ni hayo ya sonona. Hesabuni akina mama waliomo katika ukoo wenu, mtaona kuwa jambo hili halikosi kupita mlangoni kwenu.

Sasa turudi kwenye zafarani. Kila ua lina nyuzi tatu tu nyekundu, nazo huchumwa kwa mkono. Kilo moja hutaka takriban maua 150,000, na sehemu kubwa ya zafarani ya dunia hutoka Iran. Basi si ajabu kuwa madaktari wa Tehran walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuipima kwa mizani ya kisasa. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 waliwachukua wagonjwa wa sonona isiyokuwa kali. Baadhi yao walipewa vidonge vya zafarani, miligramu 30 kwa siku, na wenzao wakapewa dawa za hospitali, imipramini katika utafiti mmoja na fluoksetini katika mwingine. Baada ya wiki sita waliotumia zafarani walikuwa wamepata nafuu iliyokaribiana na ya wenzao. Matabibu wa kale, basi, hawakusema ovyo.

Lakini wagonjwa wale walikuwa thelathini katika utafiti mmoja na arobaini katika mwingine, idadi ndogo, na hakuwamo mwenye sonona kali. Binti niliyemwandikia kombe hangekuwa miongoni mwao. Pia kipimo chao kilijulikana. Chukua gramu moja ya zafarani, igawe mafungu thelathini na tatu, fungu moja ndilo miligramu 30. Matabibu wa zamani walionya kuwa zafarani nyingi huua, na wa leo wanasema gramu tano ni sumu. Mwenye mimba aonje ile ya kwenye pilau na chai tu, asiinywe kama dawa, kwani kwa wingi hukaza tumbo la uzazi na huweza kuharibu mimba.

Tena ni zafarani ipi? Bei ya ile ya kweli haishikiki, na penye bei kubwa hapakosi udanganyifu. Huuzwa nyuzi za mahindi zilizotiwa rangi, na maua ya kartamu yanayofanana nayo. Tia nyuzi chache katika maji baridi. Ya kweli hutoa rangi polepole, maji yakawa ya dhahabu, na uzi ukabaki mwekundu kwa muda mrefu. Ya uongo humwaga wekundu papo hapo, uzi ukapauka. Na kwa kuwa leo ninasema kweli, acha nikiri kuwa waandishi wengi wa makombe, nami nikiwamo, tumekuwa tukitumia rangi ya chakula pale zafarani ilipotushinda bei. Anayekunywa kombe na anywe kwa kutaraji baraka ya maneno ya Mola wake. Asidhani anameza kipimo cha Tehran.

Dukani tunaambiwa kila siku: "Hii ni miti tu, haina madhara." Neno hili ndilo linalonikosesha usingizi, na kisa cha mzizi mmoja wa India kinatosha kulijibu.

Kwanza jueni kuwa chembe hai za ubongo ni mabilioni, na baina ya moja na jirani yake mara nyingi pana mwanya mdogo mno usioonekana kwa macho. Habari huuvuka mwanya huo kwa kemikali, na miongoni mwa kemikali hizo ni serotonini, dopamini na noradrenalini. Sasa, mzizi huo wa India ulitumika kwa karne nyingi kumtuliza mwenye wazimu na kumtibu aliyeumwa na nyoka. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, mjini Basel huko Uswisi, wakatoa ndani yake kitu kinachoitwa reserpini. Ikawa dawa ya presha na dawa ya wagonjwa wa akili, ikasifiwa sana. Baada ya muda madaktari wakaona kuwa baadhi ya wagonjwa wa presha, watu ambao hawakuwa na huzuni hapo kabla, wanazama katika majonzi mazito. Ilipochunguzwa ikaonekana kuwa reserpini huimaliza akiba ya kemikali hizo tatu katika ubongo. Sehemu kubwa ya elimu ya leo juu ya kemia ya ubongo na huzuni ilianza na mzizi huo, na ulikuwa mti tu.

Nisieleweke vibaya. Zamani ilisemwa kuwa sonona ni upungufu wa serotonini, kama taa iliyopungukiwa na mafuta. Wataalamu wa leo hawatosheki na maelezo hayo. Wanataja pia usingizi, homoni, urithi wa ukoo, misiba, na upweke wa kuolewa mbali na kwenu. Lakini hakuna anayebisha kuwa mmea unaweza kuingia ubongoni na kugeuza mambo, kwa heri au kwa shari.

Upo mmea mwingine usioota kwetu ambao huletwa katika mizigo ya jamaa zetu warudio kutoka Ulaya. Ua lake ni la manjano, jina lake la kitaalamu ni Hypericum perforatum, na kwenye kisanduku huandikwa St. John's wort. Huu umepimwa kuliko mimea yote ya huzuni. Mwaka 2008 zilikusanywa tafiti 29 zenye wagonjwa 5,489, na ikaonekana kuwa kwa sonona isiyo kali sana unafanya kazi kama vidonge vya hospitali, na kwa maudhi machache zaidi. Hapo ndipo msomaji hufurahi akanyoosha mkono. Subiri kwanza. Mmea huu huliamsha ini liziondoe dawa nyingine mwilini kwa kasi kuliko desturi. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, dawa zake hupungua nguvu bila yeye kujua. Anayemeza vidonge vya kupanga uzazi hushika mimba asiyoitarajia. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu isigande huwa hatarini. Ukichanganywa na vidonge vya sonona vya hospitali, serotonini huzidi kiasi, mtu akatetemeka, akatoka jasho, moyo ukaenda mbio, akili ikamchanganyikia, na wapo waliofikia kufa. Jamaa aliyekuletea kisanduku hicho alikusudia mema, lakini yeye hajui umemeza nini asubuhi.

Mingine nitaipita haraka. Manjano yametiwa katika tafiti ndogo zenye dalili nzuri, ila kiini chake hakiingii vyema katika damu kikiwa peke yake. Pilipili manga kidogo hukisaidia, na wapishi wetu walikuwa wakivichanganya tangu zamani. Katika chakula hayana neno. Habbasoda ni ya kheri, lakini kwa huzuni bado ushahidi wake ni mchache, na anayeisifu kuwa huondoa sonona amesema asichokuwa na hakika nacho. Ubani una habari ya kupendeza: mwaka 2008 watafiti walieleza kuwa panya waliopewa kiini kimoja cha ubani walipungukiwa na hofu. Panya hawana mavyaa wala kodi ya nyumba, kwa hiyo tusikimbilie kutoa hukumu. Harufu yake ni njema na huburudisha. Tafadhalini tu chetezo kisifukizwe katika chumba kilichofungwa alimolala mtoto mchanga, kwani kifua chake hakiwezi moshi.

Na kwa kuwa tunazungumzia majani, wanaume nao wasidhani wamesalimika. Miraa na muguka vina katinoni, inayoimwaga dopamini kwa wingi ubongoni. Mtu huchangamka saa chache, kisha huporomoka, akakosa usingizi na kuamka na ghadhabu. Mwezi Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka na kesi zikafika mahakamani. Yeyote aliye na haki katika ugomvi ule, mke anayenyonyesha usiku kucha na mume asiyelala kwa sababu ya jani hawawezi kuliwazana.

Ninayoipenda kuliko yote hata dawa si hasa, ni chakula: talbina. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Bibi Aisha (R.A.), alipofiwa mtu katika jamaa zake, wanawake wakishatawanyika na kubaki watu wa nyumba na walio karibu, aliagiza ipikwe talbina, akaeleza kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akiitaja kuwa humliwaza mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Mimi nimelizingatia sana lile neno "sehemu". Aliyekuwa mkweli kuliko watu wote hakuahidi kuwa huzuni yote itaondoka kwa bakuli la uji. Sisi wauzaji na waandishi ndio tunaoahidi yote.

Upishi wake ni mwepesi. Vijiko viwili vikubwa vya unga wa shayiri ambayo haikukobolewa, kikombe kimoja na nusu cha maziwa au maji, moto mdogo, na mkono usiochoka kukoroga kwa muda wa dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka uwe mwepesi na mweupe kama maziwa. Hapo ndipo ulipotoka mnasaba wa jina lake. Ukishaepua, tia asali. Mwenye kisukari aipunguze, na asali hiyo ni ya mama, asilambishwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Huko Malaysia watafiti waliwapa talbina wazee wachache waliokuwa wakiishi katika nyumba za kulelea wazee, wakaona huzuni yao imepungua. Shayiri ina wanga unaoyeyuka taratibu tumboni na maziwa yana triptofani, ambayo mwili huitumia kutengenezea serotonini. Hayo ni ya wataalamu. Mimi naliona jambo jingine: talbina haijipiki. Mtu hana budi kusimama jikoni robo saa kwa ajili yako, kisha akakuletea, akakaa nawe ukinywa. Na Bibi Aisha hakuipika wageni walipojaa, aliipika walipobaki wale wa karibu. Mzazi wetu wa arobaini huwa na nyumba iliyojaa watu wa kumtazama mtoto, lakini ni nadra kuwapo anayeketi kumsikiliza yeye.

Siku hizi anayenijia kwa ajili ya mzazi mwenye huzuni, kabla sijashika kalamu, ninamwambia: "Mama, rudi nyumbani uniletee mfuko wa dawa zake zote, za hospitali na za miti." Wengine huudhika, kwa kuwa walikuja kwa sheikh na hawakuja kwa mkaguzi. Nikiona vidonge, ninauliza vimeanzwa lini. Vidonge vya sonona huchukua kiasi cha wiki mbili hadi sita kuonyesha nguvu zake, na kuviacha ghafla huleta kizunguzungu na huzuni kurudi kwa kishindo. Siku tisa zilikuwa chache mno. Kuhusu kunyonyesha, zipo dawa ambazo daktari humpa mama naye akaendelea kunyonyesha, aulizwe, asidhaniwe. Mitishamba ninamwambia aiandike yote kwenye karatasi amwonyeshe daktari, hata kama daktari huyo ni mwenye kukunja uso. Dua na Qur'ani haviingiliani na dawa yoyote.

Lakini akiniambia kuwa mzazi anazungumzia kufa, au kumdhuru mtoto, au anasikia sauti wasizozisikia wengine, au hajalala siku mbili mfululizo na maneno yake hayaeleweki, siandiki kitu. Ninasimama nikamwita kijana mwenye gari, na safari ni ya hospitali, saa ile ile, mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine na mzazi asiachwe peke yake hata msalani.

Wasomaji wawili wameniuliza kuhusu Ramadhani, kwamba je, mwenye kumeza vidonge vya sonona afunge? Vingi humezwa mara moja kwa siku, na daktari anaweza kukihamishia kidonge wakati wa futari au daku. Ambaye vyake ni vya mara kadhaa, au daktari mwaminifu amemwambia kufunga kutamrudisha nyuma, huyo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine na ruhusa yake ya kula iko wazi. Na mzazi aliyekwisha kutwaharika, anayejihofia nafsi yake au mtoto anayemnyonyesha, naye anaruhusiwa kula. Atazilipa siku hizo atakapopona, na kuhusu fidia amwulize mwanachuoni wa madhehebu yake.